Sarafu za Zamani Nyumbani: Tuziweke au Tuziuze?

Masomo: Yoshua 4:1-7, Yoshua 7:19-21, Matendo ya Mitume 5:1-4 na 19:18-19



Wapendwa wasikilizaji wetu, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio sokoni na redio ndogo kando ya biashara, na ninyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu umeme ulikatika wakati wa kipindi, tunawasalimu wote katika jina la Bwana. Leo tunataka tuseme juu ya vitu vya zamani tunavyovitunza ndani ya nyumba zetu. Tutaanza na kitu kidogo sana, kitu kinachoingia katika kiganja cha mtoto: sarafu.

Mzee mmoja ametuletea swali, na ametupa ruhusa tulisome bila kutaja jina lake. Ni shemasi, mwalimu mstaafu. Tangu ujana wake anakusanya sarafu. Ya kwanza alipewa na baba yake, nyingine alizipata sokoni, nyingine aliletewa na wanafunzi wake. Leo ana zaidi ya 200 ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimefungwa katika vitambaa. Sasa mjukuu anayemlea yuko mwaka wa sita wa sekondari. Anadaiwa minervale, na malipo ya mtihani wa serikali yanakaribia. Mnunuzi mmoja amefika toka mjini, ameangalia ndani ya kopo, akasema atachukua zote kwa dola 150, na kwamba jibu alitaka siku ileile.

Nyumba imegawanyika. Mama anasema, "Uza, Papa, vyuma hatuli." Mtoto wa kwanza anasema, "Usiuze, hii ni alama ya ukoo wetu." Na jirani, mtu wa maombi, anasema zichomwe kwa sababu ni vitu vya wafu. Mzee wetu anauliza mambo mawili: je, kuziweka ni kupenda mali? Na akiziuza, atakuwa kama Esau?

Ndugu zangu, msicheke swali hili. Wengine hamna sarafu, lakini mna saa ya marehemu, cherehani ya mama, kitenge cha harusi, au parsele ya baba. Swali ni lilelile.

1. Tujue kwanza kitu kilicho mkononi

Mtu hawezi kuamua vema juu ya kitu asichokijua. Watoto wetu wa leo wanaona noti tu. Wakisikia neno "makuta" wanafikiri ni jina la fedha yoyote. Lakini nchi hii imepitia fedha nyingi za chuma, na kila moja ina habari yake.

Ziko zile zenye tundu katikati, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1887, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ziko za madini ya fedha za wakati uleule, zenye kichwa cha mfalme huyo. Iko franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo. Hiyo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani katika vita. Iko franka 50 ya mwaka 1944, nayo ina tembo na ni ya madini ya fedha, iliyotengenezwa Pretoria. Iko franka 5 ya mwaka 1952 yenye mti wa mchikichi, na jina la Ruanda-Urundi limeandikwa pamoja na la Kongo. Ziko za Katanga za mwaka 1961, upande mmoja ndizi, upande wa pili ule msalaba wa shaba ambao wazee wa kule walitumia kama fedha kabla ya Wazungu. Kisha zikaja za mwaka 1967: sengi 10 yenye chui, na makuta 5 yenye sura ya Mobutu.

Wapendwa, kumbukeni siku Mafarisayo walipomjaribu Bwana juu ya kodi. Aliomba sarafu, akawauliza sura na maandishi ni ya nani. Kopo la mzee wetu linaweza kujibu swali hilo mara nyingi. Sura ya Leopold ilipita. Ubelgiji ilipita. Katanga ya 1961 ilipita. Mobutu aliondoka mwaka 1997. Kila mmoja aliandika jina lake juu ya chuma, na chuma kimebaki katika kopo la maziwa. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, yaani yule mjukuu anayesubiri minervale, ndiye mwenye sura isiyopita. Tushike neno hili, tutalirudia.

Na thamani yenyewe? Mwaka 1967 zaire moja ilibadilishwa kwa dola 2. Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya leo, moja kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu. Franka moja ya 1998 ilichukua nafasi ya zaire za kwanza bilioni 300! Na mwisho wa mwaka 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa siku chache tu, na wengi waliokuwa wameficha fedha nyumbani wakabaki na karatasi. Bwana alituonya katika Matayo 6 juu ya hazina ya duniani, kwamba nondo na kutu huiharibu na wezi huiiba. Sisi Wakongo hatuhitaji maelezo marefu ya mistari hiyo. Watu wa Goma wanakumbuka Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji. Wengine wetu tumekimbia vita mara ngapi, tukibeba watoto na kuacha kila kitu?

2. Kuweka si dhambi, wala kuuza si utakatifu

Tufike katika Matendo sura ya 5. Anania aliuza kiwanja, akaficha sehemu ya bei, akaleta sehemu nyingine kana kwamba ni yote. Angalieni vizuri Petro alimwambia nini. Alimwambia kwamba kabla ya kuuza, kiwanja kilikuwa chake, na baada ya kuuza, fedha ilikuwa katika uwezo wake. Anania hakuhukumiwa kwa sababu aliweka mali. Alihukumiwa kwa uongo. Kwa hiyo mtu asisimame kanisani na kumtisha mzee huyu kwamba kopo lake litamzuia kuingia mbinguni. Na mtu asimwambie kwamba akiuza atakuwa ametakaswa.

Katika Luka 15, yule mwanamke mwenye sarafu kumi alipoteza moja. Akawasha taa, akafagia nyumba, akatafuta mpaka akaipata, akaita rafiki na jirani wafurahi naye. Bwana Yesu hakumlaumu kwa kutunza sarafu zake. Alichukua bidii yake akaifanya mfano wa mbingu.

Na Yoshua 4? Mungu mwenyewe aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya Yordani na kuwekwa mahali pa kulala. Yalikuwa mawe tu, hayauziki. Lakini yalikuwa na kazi: siku moja watoto watauliza mawe haya yana maana gani, na baba atawajibu.

Hapa, mzee wetu, tunakuuliza kwa heshima: wajukuu wako wamewahi kuuliza? Umewahi kufungua kopo mbele yao jioni, ukawaonyesha ile yenye tundu, ukawaambia juu ya miaka ya Leopold, jinsi watu walivyoteswa kwa ajili ya mpira? Umewaonyesha ile ya kwanza uliyopewa na baba yako, na ukasema alikuwa mtu wa namna gani? Kama ndiyo, basi una mawe ya Yordani. Kama hapana, mtoto wako wa kwanza anapigania kopo ambalo hajui kilichomo, na siku utakapolala, litauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ukumbusho usiosimuliwa hauwezi kumkumbusha mtu kitu.

Na juu ya Esau, mzee, usiogope. Biblia haisemi kosa lake lilikuwa kuuza tu. Inasema alidharau haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Alikula, akanywa, akaondoka, hakuwaza tena. Babu anayeuza sarafu kwa machozi ili mjukuu amalize masomo hajadharau kitu. Amepima, akachagua.

3. Wakati kitu kinapogeuka

Lakini tusijidanganye, kitu chema kinaweza kugeuka. Ile nyoka ya shaba Musa aliitengeneza kwa amri ya Mungu, na waliotazama walipona. Waisraeli wakaitunza miaka mingi. Katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia anaivunja vipande vipande kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Shaba ilikuwa ileile. Mioyo ya watu ndiyo iliyobadilika.

Utajuaje kwamba kimegeuka nyumbani mwako? Tunasema alama tatu.

Alama ya kwanza ni kuficha. Akani alichukua fedha na kipande cha dhahabu, akazika chini ya hema yake, na nyumba yote ikaingia katika taabu. Kama una kitu cha bei ambacho mke wako hajui, au ambacho ndugu zako wana sehemu ndani yake nao hawajui, shida yako si sarafu. Toa nje, sema ukweli.

Alama ya pili ni moyo kuwa mgumu. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervale, mgonjwa yuko kitandani bila dawa, na wewe jioni unahesabu na kufurahi. Yakobo katika sura ya 5 anasema kutu ya dhahabu na fedha itashuhudia juu yetu. Chuma ambacho kingeweza kumsaidia mtu, nacho kikakaa, kina ushahidi.

Alama ya tatu ni hofu. Na hapa tumjibu yule jirani wa maombi. Ni kweli kwamba sarafu yenye tundu hupitishwa uzi kwa urahisi, na ziko nyumba zilizoifunga shingoni au kiunoni mwa mtoto kama kinga. Kama iko moja ya namna hiyo katika kopo, iliyopitia mikononi mwa mganga, usiiuze. Waefeso walioamini walileta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma, na hesabu ya bei yake ilifika vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza na kuleta fedha kwa mitume! Hawakufanya hivyo, kwa sababu hawakutaka kumpa jirani kifungo ambacho wao wametoka. Ile moja iharibiwe, kwa maombi, pamoja na wazee wa kanisa.

Lakini sarafu nyingine zilizonunulia chumvi na mafuta sokoni, zikatunzwa na mwalimu kwa sababu alipenda historia, ni chuma tu. Kitu hakina pepo kwa sababu mwenyewe amekufa. Tungesema hivyo, ingetupasa kuchoma pia Biblia za babu zetu na nyumba walizojenga. Wapendwa, karama ya kupambanua roho isiwe sababu ya kuharibu mali ya watu.

4. Kama utauza, uza kama mtu wa Mungu

Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayesema kitu ni kibaya, ni kibaya, na akiisha kuondoka anajisifu. Sulemani alilijua soko letu! Kwa hiyo sikieni mashauri haya.

Usiuze kwa haraka. Mnunuzi anayetaka jibu leo leo, na anayetaka kopo lote bila kuchagua, huenda ameona ndani yake moja au mbili ambazo wewe hujaziona. Zitoe zote juu ya meza. Tenga zinazofanana. Andika kwenye daftari mwaka, jina la nchi, na picha iliyo juu yake.

Usizisafishe. Mama zetu wanapenda kung'arisha kwa mchanga, majivu au limau. Kwa sufuria ni vizuri. Kwa sarafu ya zamani ni hasara, maana wanaozikusanya wanataka ile iliyobaki na rangi yake, bila mikwaruzo.

Usifikiri kila ya zamani ni ya bei. Kuna sarafu za Waroma zenye miaka zaidi ya 1,600 zinazouzwa kwa bei ndogo, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Bei inaletwa na uchache, na hali yake, na madini yake, na watu wanaoitafuta. Za madini ya fedha zina pia bei ya madini yaliyomo, basi zipimwe kando. Ya Katanga ya franka 5 ilitengenezwa pia chache za dhahabu, lakini zilizotembea sokoni ni zile za kawaida. Mtu asikupandishe roho bure, wala wewe usimpandishe mwingine.

Uliza zaidi ya mnunuzi mmoja. Mtoto anayejua intaneti akusaidie kutazama sarafu za mwaka uleule zimeuzwa kwa bei gani, si bei ambayo muuzaji ameomba tu, maana kuomba si kupata. Na mtu yeyote anayekwambia utume kwanza dola za kuandikisha jina ili akununulie kwa maelfu, huyo si mnunuzi, ni mwizi. Usimtumie hata franka moja.

Wewe nawe useme kweli. Usiuze ya bandia kwa jina la halisi. Mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana hata kama mnunuzi ni mjanja kuliko wewe.

Na mwisho, mkae kama nyumba. Papa, Mama, watoto, mkubaliane kabla fedha haijaingia mkononi, na mwandike itafanya kazi gani. Fedha isiyopangiwa kazi inaisha kabla ya jua kuzama. Mkiipata, mshukuruni Bwana kwa sadaka yenu, na iliyobaki iende kwa kazi ile mliyoipatana.

5. Jibu letu kwa mzee, na neno kwa kanisa

Mzee wetu, hatukuamrishi, maana kopo ni lako. Lakini umetuomba shauri, nasi tunakupa wazi.

Uza sehemu, na uweke sehemu. Zinazofanana, ambazo unazo tano au kumi, ziende. Ya bei kubwa, kama ikionekana, nayo iende, kwa sababu mjukuu wako yuko mwaka wa mwisho, na mwaka huo ukipotea haununuliwi. Lakini ile ya kwanza uliyopewa na baba yako, usiiuze kwa bei yoyote ambayo haihitajiki. Chagua nyingine chache, moja ya kila wakati: moja ya Leopold, moja yenye tembo, moja ya mwaka wa chui. Kumi au kumi na mbili zinatosha. Zifunge pamoja na daftari, na ndani ya daftari uandike kwa mkono wako kila moja ulipata wapi na ilikuwa miaka gani. Mkabidhi mtoto wako wa kwanza mbele ya wote. Hapo yeye atapata alama ya ukoo, mama atapata fedha ya nyumba, na mjukuu atapata kalamu. Na jibu la dola 150 kwa kopo lote, leo leo: hapana, mpaka umejua kilichomo.

Sasa neno kwa kanisa, na hili ndilo linalotuumiza. Mzee huyu amefundisha watoto wengi wa mji wake. Anasimama mlangoni mwa ibada kila Jumapili akiwasalimia watu. Kwa nini abanwe na tarehe ya malipo hata auze kwa hasara, katikati ya ndugu mia tatu waliookoka? Katika Matendo 4, Barnaba aliuza shamba lake ili mwingine asiaibike. Sisi leo tunaangalia maskini anauza, na wengine wetu tunaenda kununua kwa bei ya chini! Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba tuchukuliane mizigo. Kama kila nyumba kumi za kusanyiko lake zingemkopesha kidogo kwa miezi miwili, angeweza kuuza polepole na kwa bei ya haki, kisha akawarudishia. Mashemasi wenzake mnaotusikia, mnajijua. Msingoje tangazo lingine.

Wapendwa, siku moja kila mmoja wetu ataacha kopo lake, liwe la sarafu au la kitu kingine. Tuulize leo, tukiwa na nguvu: kitu hiki kinamtumikia nani? Kama kinamtumikia mtu mwenye sura ya Mungu, kwa kumfundisha au kwa kumlisha, kimepata kazi yake.

Tuombe.

Bwana Mungu wetu, wewe uliyeona senti mbili za mjane katika sanduku la hekalu, unaona pia vitu vidogo vilivyo katika nyumba zetu. Tupe akili ya kujua cha kuweka na cha kuachia. Utuondolee kuficha, utuondolee moyo mgumu, utuondolee hofu ya wafu. Mkumbuke mzee huyu na nyumba yake, mfungulie njia mtoto aliye mbele ya mtihani. Na kanisa lako uliamshe, lisikie ndugu anapoomba kabla hajaanza kulia. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Yeye aliye na swali alilete kwa mchungaji wake, au aliache katika sanduku la barua mlangoni mwa redio. Juma lijalo, Bwana akipenda, tutasoma Ruthu sura ya 4, juu ya shamba la Naomi na namna ndugu wanavyogawana kilichoachwa.